Bima ya afya kwa wote: lawama tumpe nani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nanunua na kuuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kikao kilichopita tuliacha hesabu tukabishana kuhusu Bima ya Afya kwa Wote. Muswada ulipelekwa bungeni mwaka 2022, ukakwama zaidi ya mwaka mzima, na ulipopita 2023 makali yake mengine yalikuwa yamepunguzwa. Wapo wanaomlaumu waziri wa wakati ule, wapo wanaowalaumu wabunge, na wengine wanasema serikali iliwaogopa wananchi. Mama mmoja akasema hata Obama kule Marekani alizidiwa na watu wa upande wake mwenyewe, akakubali nusu ya alichotaka. Je, kukubali nusu ni usaliti? Na lawama tumpe nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na Obama, maana mama yenu ametaja mfano ambao hesabu zake zimeandikwa na kila mtu anaweza kuzisoma. Kisha nirudi Dodoma, ambako hesabu za namna hiyo hazipo.

Ila nikupe msimamo wangu mapema. Sioni usaliti katika kukubali nusu. Kinachoniuma ni kukubali nusu huku umenyamaza kuhusu nani atabaki nje na nani atamlipia asiyenacho. Kwenye sheria za afya watu hugombania kile kinachoonekana kwa macho, na lawama nazo hukimbilia hukohuko. Swali la fedha ya maskini hupita pembeni bila kelele.

Sheria yake ya bima ya afya Obama aliisaini tarehe 23 Machi 2010. Ili ifike mezani kwake ilibidi ipite Seneti yenye watu 100, na kanuni za kule zinawaruhusu wachache kuuvuta mjadala bila mwisho mpaka wapatikane maseneta 60 wa kuufunga. Chama chake cha Democratic kilikuwa na 60 kamili kwa kuwahesabu wawili wasio na chama waliokaa upande wake. Fikiria maana yake: hakuna hata mmoja anayeweza kukosekana, kwa hiyo kila mmoja anaweza kudai lake. Joe Lieberman wa Connecticut, mmoja wa wale wawili, alikataa bima ya serikali ambayo ingeshindana na kampuni binafsi. Wenzake wakambadilishia: basi watu wa miaka 55 hadi 64 waruhusiwe kununua Medicare, ile bima ya wazee. Akakataa na hilo, Desemba 2009. Ben Nelson wa Nebraska naye alipewa makubaliano ya peke yake, kwamba serikali kuu ingelibebea jimbo lake gharama za nyongeza za Medicaid, ambayo ni bima ya watu wa kipato cha chini. Watu walikasirika mno na kipengele hicho kikaja kufutwa. Siku moja kabla ya Krismasi Seneti ikapitisha muswada kwa kura 60 dhidi ya 39.

Wako wanaomlaumu Obama mpaka leo kwamba hakupigania ile bima ya serikali. Mimi nauliza: kura ya sitini angeitoa wapi? Aliyekuwa na uwezo wa kusema ndiyo akasema hapana anajulikana kwa jina, na lawama ya kipengele kile ni yake kabla ya mtu mwingine yeyote.

Upande wa muda, hapo uongozi wa chama chake unastahili kulaumiwa. Max Baucus, mwenyekiti wa Kamati ya Fedha ya Seneti, alitumia miezi akiwabembeleza wachache wa chama cha Republican ili muswada uonekane ni wa pande zote mbili. Alichovuna kwenye kamati ni kura moja, ya Olympia Snowe, na hata yeye muswada ulipofika mbele ya Seneti nzima aliukataa. Wakati huo Agosti 2009 Ted Kennedy, aliyeipigania bima hii sehemu kubwa ya maisha yake, alifariki. Januari 2010 kiti chake cha Massachusetts kikachukuliwa na Scott Brown wa Republican, na sitini ikawa hamsini na tisa. Baada ya hapo Baraza la Wawakilishi, bunge la pili la kule, halikuwa na namna ila kuuchukua muswada wa Seneti ulivyo, na kuurekebisha kidogo kwa njia ya kibajeti isiyohitaji kura 60. Tarehe 21 Machi wakaupitisha kwa kura 219 dhidi ya 212. Hakuna Mrepublican hata mmoja aliyeuunga mkono, na Wademokrati 34 waliupinga. Novemba mwaka huohuo chama cha Obama kilipoteza viti 63 katika bunge hilo.

Sasa angalia nani aliumia. Sheria ilikusudia watu wazima wote wenye kipato cha chini kabisa waingie Medicaid, na wale wa juu yao kidogo wapewe ruzuku ya kununua bima. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ilisema sharti la kila mtu kuwa na bima ni halali kwa kuwa adhabu yake ni aina ya kodi, lakini serikali kuu haiwezi kuyalazimisha majimbo kupanua Medicaid kwa kuyatishia kuyanyima fedha ya zamani. Majimbo kadhaa yakakataa kuipanua, na Texas na Florida ni miongoni mwao. Ndani ya majimbo hayo mtu maskini alijikuta hana pa kushika. Kipato chake ni kidogo mno kupewa ruzuku, kwa kuwa waandishi wa sheria walidhani yuko Medicaid, na Medicaid ya jimbo lake haimpokei. Hao ni watu zaidi ya milioni moja. Hawakutolewa nje na Lieberman wala na Obama. Walitolewa na hukumu ya mahakama pamoja na wanasiasa wa majimbo yao. Hata hivyo ukisikiliza mabishano ya Wamarekani kuhusu nani aliiharibu sheria ile, jina la Lieberman utalisikia mara nyingi kuliko jina la gavana yeyote aliyezikataa fedha hizo.

Na pamoja na yote, idadi ya wasio na bima ilishuka kutoka zaidi ya milioni 45 mpaka chini ya milioni 30 kufikia 2016. Nusu hiyo ilikuwa na uzito. Kilichoachwa, bima ya serikali, ni kitu ambacho bunge lingine linaweza kukiongeza siku nyingine. Kilichobaki kilikuwa fedha yenyewe: ruzuku na Medicaid. Ukinipa nichague mimi pia ningeshika fedha.

Tuje nyumbani.

Muswada wetu ulisomwa mara ya kwanza Septemba 2022, Ummy Mwalimu akiwa Waziri wa Afya. Hali ya wakati ule unaijua: Watanzania wenye bima ya aina yoyote walikuwa takriban 15 kati ya kila 100. Wengi wa hao walikuwa wanachama wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya ulioanza kazi mwaka 2001 na watumishi wa umma, na waliobaki wengi walikuwa kwenye CHF, mfuko wa afya ya jamii, ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Sisi wa Mwanza tunajua CHF ilikuwa inaishia wapi. Huduma zake zilikoma ngazi ya hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Sekou Toure. Ukiandikiwa kupanda kilimani Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda, kadi yako haikukufikisha.

Kilichozua kelele kwenye muswada ule ni masharti. Ungetakiwa kuwa na bima ndipo upate leseni ya udereva, leseni ya biashara, laini ya simu, hati ya kusafiria na mengine. Viwango vilivyotajwa wakati ule vilikuwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita na 84,000 kwa mtu mmoja. Mitaani hapa kwetu watu walisema serikali inataka kuwakata mawasiliano maskini, na walikuwa na haki ya kusema hivyo. Mvuvi wa kambini asiye na laini ya simu hauzi samaki wala hapokei malipo yake.

Lakini lilikuwapo shimo kubwa kuliko lile la laini za simu, na halikupata hata robo ya kelele hizo. Muswada ulimtaka kila mtu awe na bima bila kuonyesha sawasawa fedha ya wasio na uwezo itatoka wapi. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 ulikuta asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wako chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Mtu mmoja kati ya wanne! Huyo hata ukimnyima leseni kumi hatatoa 84,000, kwa sababu hana. Wabunge wa kamati na wadau walilisema hilo, muswada ukaahirishwa Novemba 2022, ukaahirishwa tena Februari 2023, na mwanzoni mwa Novemba 2023 ukapita ukiwa na orodha ya vyanzo: sehemu ya ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, pombe na vipodozi, kodi ya michezo ya kubahatisha, tozo ya miamala ya kielektroniki, pamoja na fedha nyingine ambazo Bunge litaidhinisha.

Kwa hiyo mnaposema muswada "ulikwama", mimi nasoma tofauti. Kule Marekani kuchelewa kuliwagharimu kura. Kwetu kuchelewa kulileta ibara ambayo ndiyo moyo wa sheria. Wabunge wa kamati waliokataa muswada usio na fedha walifanya kazi yao, na nawashukuru kwa dhati. Lawama ya mwaka uliopotea naielekeza serikalini, kwa kupeleka bungeni muswada uliofikiria namna ya kumbana mwananchi kabla haujafikiria namna ya kumlipia. Simwekei mzigo huo waziri peke yake. Waziri wa Afya hana hazina. Vyanzo vya kodi viko chini ya Wizara ya Fedha, na makubaliano kati ya wizara mbili hufanyika mahali ambapo mimi na wewe hatuingii, ila uso tunaouona kwenye televisheni ni wa Waziri wa Afya.

Hapo ndipo lawama zetu zinapokosa pa kushika. Baada ya uchaguzi wa 2020 CCM ilikuwa na majimbo 256 kati ya 264. Hapakuwa na upinzani wa kuuzuia muswada, na hapakuwa na Lieberman wa kuhesabia kura. Mvutano wote ulikuwa ndani ya nyumba moja: kwenye kamati ya wabunge wa chama, kwenye kamati ya Bunge, baina ya wizara. Kisha linakuja suala la kura yenyewe. Bajeti ya serikali hupigiwa kura kwa mbunge kuitwa jina, akasema ndiyo au hapana, ikaandikwa. Muswada wa kawaida hupita kwa sauti: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, na kiti kinatangaza walioshinda. Ukiniuliza mbunge wa Ilemela au wa Ukerewe alisema nini kwenye sauti ile, hakuna karatasi ya kukuonyesha. Mmarekani anaweza kumfuata mwakilishi wake na tarehe na kura mkononi. Wewe utapata alichochangia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, kama alichangia, na marekebisho aliyoyaleta kwenye jedwali, kama aliyaleta. Yaliyosemwa chumbani hutayapata.

Ndiyo maana ubishi wenu haukuisha. Mlikuwa mnatafuta mtu mmoja wa kumpa lawama katika mfumo ambao haumwonyeshi mtu mmoja.

Niseme na upande wetu sisi wananchi, na hapa naomba kikundi chako kinivumilie. Masharti yale yalipolegezwa tulishangilia. Nilishangilia nami, na sijutii, maana kumnyima mtu laini ya simu ili umpeleke hospitali ni ukatili. Lakini kulegeza kuna bei. Bima inasimama pale ambapo wazima wengi wanachangia na wagonjwa wachache wanatumia. Ikiwa kujiunga ni hiari, au ni lazima kwa maandishi tu, watakaotangulia ni wale ambao tayari wanaumwa. Tuliliona hilo kwenye Toto Afya Kadi, bima ya NHIF ya watoto. Mchango ulikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, na wazazi wengi waliomwandikisha mtoto walifanya hivyo akiwa ameshagundulika na maradhi. Kanda yetu hii ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu, na mzazi wa mtoto wa namna hiyo kukimbilia kadi ile hana kosa lolote, amefanya lililo sawa kwa mwanawe. Kosa liko kwenye mpango uliokuwa na wazazi hao bila kuwa na wazazi wa watoto wazima. Matumizi yaliizidi michango mara nyingi, na Machi 2023 NHIF ikasitisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja, ikataka waje kupitia shule au kaya. Miezi michache kabla ya Bunge kupitisha sheria mpya tayari tulikuwa na somo lote mbele yetu.

Basi kama hutaki kulazimisha, fedha itoke kwenye kodi. Hakuna mlango wa tatu. Na sisi ndio tulioipigia kelele tozo ya miamala ya Julai 2021 mpaka ikapunguzwa, ingawa iliambiwa inajenga vituo vya afya na madarasa. Nazikumbuka sababu na nyingi zilikuwa za haki. Tozo ile ilimgusa hata mama anayetumiwa elfu kumi, siyo mwenye mamilioni peke yake. Ila mtu anayekataa sharti, akakataa na kodi, kisha akamlaumu waziri kwamba bima haifanyi kazi, naye ana fungu lake kwenye hiyo lawama. Nalisema hili kwa upendo, na nimo ndani yake.

Tazama pia majirani tunaochangia nao ziwa. Uganda, Bunge lilipitisha muswada wa bima ya taifa mwaka 2021, waajiri wakiulalamikia mzigo wa makato, na Rais hakuutia saini. Kenya walipitisha sheria yao mwaka 2023 kwa kasi, asilimia 2.75 ya mshahara bila ukomo wa juu. Julai 2024 Mahakama Kuu ikasema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, Mahakama ya Rufani ikasimamisha hukumu hiyo, na mpango ukaanza Oktoba 2024 huku watu wa Kisumu na kwingineko wakihangaika kati ya mfumo wa zamani na mpya. Mmoja aliacha nzima akakosa yote, mwingine alichukua nzima kwa haraka na kuingia kwenye mgogoro. Ukilinganisha, sisi tulichukua nusu iliyojadiliwa. Siyo njia mbaya.

Nimeacha mwisho jambo linalowahusu ninyi wa Mwaloni moja kwa moja. Kipato cha dagaa kinafuata mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti dagaa, mitumbwi inakaa, na wiki hizo fedha hakuna. Giza likirudi fedha inarudi. Mkulima wa pamba wa Magu au Kwimba yeye anaiona fedha msimu wa kuuza, halafu basi. Mpango unaomtaka mtu atoe mchango wa mwaka kwa mkupuo mmoja, tarehe moja kwa nchi nzima, utawapoteza hawa hata kama wana nia. Hapo hapahitaji sheria mpya, panahitaji kanuni zinazokubali malipo kidogo kidogo, kwa simu, au kupitia vikundi kama chenu.

Liko na suala la nani anahesabiwa kuwa hana uwezo. Kaya maskini hutambuliwa kwa kawaida kwenye mkutano wa kijiji, kama TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, wanavyofanya. Mvuvi anayelala Ukara mwezi huu na Kome mwezi ujao hana mkutano wa kijiji unaomjua. Atakosa bima kama yule maskini wa Texas alivyokosa: sheria inadhani yuko mahali fulani, na mahali hapo hayupo. Akibaki nje hakuna atakayelaumiwa, kwa kuwa hakuna aliyemtoa kwa makusudi. Kosa la namna hii ndilo ninaloliogopa kuliko kura yoyote ya bungeni.

Kwa hiyo kwenye kikao kijacho badala ya kubishana juu ya 2022, andikeni barua kwa mbunge wenu kabla ya bajeti kusomwa Juni. Sheria imetaja vyanzo, lakini kiasi kinachoingia kwenye mfuko wa wasio na uwezo hujulikana kwenye bajeti na Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Muulizeni: mwaka jana kila chanzo kiliingiza shilingi ngapi, na zilizofika kwenye mfuko ni ngapi? Katika wilaya yetu kaya ngapi zimelipiwa, na wavuvi wa makambi wameandikishwa na nani? Kadi mpya inafika Bugando au inaishia Sekou Toure? Na kwa kuwa bajeti hupigiwa kura kwa jina, mwambieni mtaisoma kura yake. Wekeni nakala ya barua kwenye faili la kikundi, na akijibu kwa maneno tu, katibu uyaandike na tarehe yake.